Majina ya Kumpima Johari

Kru, kru, kru. Adhana ya alfajiri bado, na Bibi Semeni keshaketi juu ya mbuzi, anakuna nazi.

Johari, mjukuu wake, alimkuta jikoni. "Nazi mbili, bibi? Si tuko wawili tu?"

"Na mgeni je?"

"Talib? Leo nashindana naye, nawe tangu juzi unamlisha!"

"Katoka Dar, hapa Kibiti hana mtu. Nikishampelekea chake, nitarudi kukuombea dua."

Johari akacheka, akambusu bibi yake mkono, akaenda kuoga.

Ulikuwa mwaka wa tisini na sita. Biashara ya korosho ilikuwa imeachiwa watu binafsi, na kampuni moja ya wanunuzi ilikuwa imefungua ofisi Kibiti, ikaweka na kompyuta. Ilitaka programu ya kuunganisha jina la mkulima, la baba yake na la babu yake, kisha kuyapanga majina yote kwa herufi. Johari, karani wa pale, alitengeneza yake. Talib, kijana wa makao makuu, alitengeneza yake kwa lugha nyingine ya kompyuta. Ambaye programu yake ingekimbia zaidi ndiye angepewa kitengo cha kompyuta Dar es Salaam.

Johari hakutaka kitu kingine duniani. Faraji, mchumba wake, fundi wa jenereta pale ofisini, alikuwa tayari kumfuata.

Jioni nyingi Johari alikaa ukumbini akiwaeleza kazi yake. Faraji aliuliza maswali. Bibi alichambua mchele, akiitikia "Ehe", mara kasinzia.

"Ina ugonjwa mmoja," Johari alikiri siku moja. "Majina yakiwa yamechanganyika, inaruka kama swala. Yakiwa yamekwisha kupangwa, inahangaika mpaka utaionea huruma."

"Si uitibu?" Faraji akauliza.

"Ya nini? Watu wa delta wanaleta korosho kwa mashua, kadiri maji yanavyojaa. Umeona wapi mashua ikashusha watu kwa herufi? 'We Zuhra, rudi nyuma, Abdala hajashuka!'"

Wakacheka wote, na bibi naye.

Asubuhi hiyo Faraji aliwasha jenereta. Bwana Shaban, meneja, alikuwa ameweka sharti: kila mmoja alete disketi ya majina ya kumpima mwenzake, asije mtu akasema ameonewa.

Walianza na kuunganisha majina. Programu ya Johari ilimaliza, ya Talib haijafika hata nusu.

"Mtoto wa Kibiti huyo!" makarani wakapiga makofi.

Ikaja zamu ya kupanga. Ya Talib ilimaliza upesi. Ya Johari ikaanza, ikawa inasota. Bwana Shaban aliagiza chai, ikaletwa, akainywa, akarudisha kikombe. Kioo bado kilikuwa kitupu. Makofi yalikuwa yamekwisha. Mtu mmoja akakohoa.

Johari aliomba kuona disketi aliyoileta Talib. Abasi, Abdala, Abeid. Akashuka chini, akashuka tena. Yalikwenda sawasawa hivyo hivyo mpaka Zuwena.

"Umeyapanga," alisema.

"Sharti halikukataza," Talib akajibu. Hakumtazama.

Bwana Shaban akampa Talib ushindi. Johari akageuka. Mlangoni alisimama Faraji, mikono imejaa mafuta ya jenereta.

Alimfuata mpaka nyumbani. "Johari, wallahi sikumwambia."

"Basi aliota? Ugonjwa wake uliujua wewe."

"Mimi si nilikuwa nakuja na wewe? Nimeshaaga mpaka kwa wajomba."

"Ungesema tu hutaki niende, Faraji. Ningekusikiliza. Kuliko kwenda kuniuza kwa mtu umemjua juzi."

"Niangalie basi. Niangalie usoni."

Johari hakumwangalia. "Mwambie mama yako asije Ijumaa. Posa hakuna tena."

Bibi Semeni alimmiminia Faraji chai, akamtilia sukari kama anavyopenda. Kijana aliinywa amesimama, akarudisha kikombe kwa mikono miwili. "Asante, bibi," alisema. Akatoka. Hata mlango aliurudisha polepole, asije akamshtua mtu.

Johari alijilaza mapajani mwa bibi yake, akalia.

"Sina mtu mwingine wa kumwamini," alisema. "Nimebaki na wewe tu."

"Mie nipo, mama. Niende wapi?" Bibi alimpapasa kichwa mpaka usingizi ukamchukua, kisha akamfunika kanga.

Kesho yake, Talib alipokuwa akisubiri basi la Dar, alimwona Bibi Semeni anakuja na kikapu: wali wa nazi na samaki, chakula cha njiani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Talib alisita kukipokea. "Roho inaniuma. Nasikia wameachana. Na yule kijana hana kosa."

"Najua."

Bibi alimshikisha kikapu, akamtengenezea vizuri kitambaa cha juu, vumbi lisiingie.

"Baba yake Johari alikwenda Dar, siku hizi namwona misibani tu," alisema. "Nami nilipokunong'oneza habari ya majina, nilijua hutaniangusha. Uje tena, mwanangu. Utatukuta hapa hapa, mie na Johari."