Kosa la Jumatatu

Wiki iliyopita msimamizi wa kundi la mtandaoni la wapenzi wa kompyuta alikosea makusudi. Katika ripoti yake ya kila Jumatatu, inayoonyesha nani ameandika mara ngapi, aliweka jumla isiyolingana hata kidogo. Aliwajua watu wake: matusi wangeyameza, lakini hesabu mbovu? Thubutu! Hata Mzee Kebo, aliyesusa tangu ugomvi wa mwaka jana, angeibuka na ule msemo wake: "Hesabu gani hizi? Rudia!"

Leo aliiwasha programu yake ya kuhesabia ujumbe wa wiki nzima.

Ujumbe: mmoja. Mwandishi: yeye mwenyewe.

Kosa lilikuwa palepale, zima, hakuna aliyeligusa.

"Wenzako hawajambo?" mama yake aliuliza, akikunja nguo kitandani.

"Hawajambo, mama. Wametingwa na kazi tu."

"Haya, wasalimie."

Akavuta kibodi. "Mama anawasalimu," akaandika. Akangoja mpaka nguo zote zikakunjwa.

Kisha akajiandikia mwenyewe: "Msimamizi, hesabu gani hizi? Rudia!"