Mimba ya Genoveva

Fimbo ya kwanza ilimpata Dionis begani, ya pili ikampasua ngozi juu ya jicho. Ya tatu hakuiona. Aliisikia tu ikikata upepo, kisha akaanguka ukingoni mwa josho, uso karibu na maji ya dawa.

Ng'ombe wa mwisho walikuwa wameshaogeshwa, na wachungaji wa kijiji cha Masieda walikuwa wameteremka nao bondeni. Hapo joshoni walibaki watatu tu: yeye, aliyekuwa bwana mifugo wa hapo, na vijana wawili wa nyumba ya marehemu Margwe, Hhando na mdogo wake Sulle.

"Ulidhani nyumba ile haina wanaume?" Hhando aliuliza.

"Hhando, nisikilize. Genoveva na mimi..."

Teke likamkatisha. "Usimtaje kwa jina mbele yetu!"

Dionis alitema damu. Alikuwa mtu wa Songea, mvi zimeshamwingia ndevuni. Katika ndoa yake ya kwanza walisubiri mtoto mpaka mke akachoka, akarudi kwao. Alipohamishiwa huku alikuwa ameshaacha kusubiri chochote. Kisha ng'ombe wa nyumba ya Margwe akakwama kuzaa. Dionis alivua shati, akaingiza mkono mpaka begani, na ndama alipochomoka ghafla, bwana mifugo akaanguka chali kwenye samadi. Genoveva, aliyekuwa ameshika mkia, alicheka mpaka akauachia. Tangu siku hiyo ng'ombe wa nyumba ile wakawa hawaishi kuumwa magonjwa yasiyojulikana, na bwana mifugo hakuchoka kuitwa.

Mimba hawakuipanga. Genoveva alipoanza kutapika alidhani ni malaria. Kule zahanati muuguzi alimpima, akamtazama usoni, akapima tena. Alipompasha Dionis habari alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja.

"Usije nyumbani kwanza," alimwambia. "Niache niongee na wale wawili. Nawajua, damu yao inachemka upesi."

Bila shaka alikuwa ameshaongea nao.

"Mtu mzima na mvi zako," Sulle alisema. Kati ya hao wawili yeye ndiye aliyekuwa mpole, na hilo ndilo lililomtisha Dionis, maana panga alikuwa nalo yeye. "Kanisani wanatucheka. Mnadani wanatucheka. Wewe utahama, sisi tutabaki na aibu."

"Sihami."

"Utahama," Hhando alisema. "Utaomba uhamisho. Mtoto atalelewa palepale nyumbani, na wewe utatamka mbele za watu kwamba humjui. Anza sasa hivi. Sema si wako."

Lilikuwa neno dogo. Angelisema, angepanda pikipiki yake na kuondoka na meno yake yote.

"Ni wangu," Dionis alisema.

Hhando alimkamata kisogo, akamzamisha. Maji ya dawa yalimwingia puani, yakachoma lile jeraha kama kaa la moto. Alipotolewa alikohoa, akavuta pumzi, akasema, "Ni wangu." Akazamishwa tena. Safari hii hawakuwa na haraka ya kumtoa. Masikio yakaanza kuvuma, kifua kikataka kupasuka.

Hapo Dionis akaacha kuwa mtu wa kuvumilia. Alirusha kiwiko nyuma kwa nguvu zote alizobakiwa nazo, na pua ya Hhando ikavunjika kama kijiti. Akajiburura akatoka majini. Sulle alikuwa anakuja na panga. Dionis aliinua mkono kujikinga, na panga likashuka chini ya kiwiko, likafika mfupani.

Wote watatu wakatazama damu inavyotambaa juu ya saruji.

"Nimemkata," Sulle alisema, kama mtu aliyeshtuliwa usingizini. "Kaka, nimemkata."

"Mmalize," Hhando alisema, mikono yote miwili ikiwa puani. "Akipona atatufunga. Mmalize!"

Sulle aliinua panga tena. Halikushuka. Mpini wa jembe ulimpiga kwenye kifundo cha mkono, panga likaruka, likatumbukia joshoni.

Genoveva alikuwa ametoka shambani mbio, udongo wa palizi umemjaa mpaka magotini, pumzi zinamtoka kwa shida. Alimgeukia Hhando, akampiga mgongoni, akampiga tena, akazidi kumpiga mpaka mpini ukavunjika. Hhando, kijana ambaye aliweza kumlaza fahali kwa pembe zake, alijikunyata, akafunika kichwa, na hakuinua hata kidole.

Kisha Genoveva akapiga magoti kando ya Dionis. Alivua kitambaa cha kichwani, akauzungushia mkono uliokatwa, akakaza mpaka Dionis akapiga ukelele.

"Vumilia," alimnong'oneza. "Si umesema ni wako? Basi uishi umwone."

Bila kuwatazama wale wawili, akapaza sauti. "Hakunidanganya mtu. Nilimfuata mwenyewe, kwa miguu yangu. Mkitaka kuua, anzeni na mimi. Hamtaki? Basi mmoja awashe pikipiki, huyu afikishwe hospitali kabla damu haijamwishia."

Hhando aliinuka akachechemea kuelekea kwenye pikipiki. Sulle hakutikisika. Alikuwa amekaa chini kwenye matope, ameshika mkono wake uliovimba, machozi yanamtiririka.

"Lakini mama," alisema, "mke wangu naye anajifungua mwezi huohuo. Mwanangu atamwitaje huyo wako?"

"Baba mdogo," Genoveva alijibu, akivuta fundo kwa meno. "Na atamwamkia shikamoo."