Bangili Yenye Adabu

Siku hizi presha ikipanda kidogo hupewi vidonge. Unaandikiwa mfungo wa maji matupu, na unavishwa bangili ya kuusimamia. Mume wangu, Baba Rehani, alirudi na yake kutoka zahanati akicheka.

"Kidude hiki ndicho kinizuie mimi kula?"

Jioni ile ile, nilipogeuka kukuna nazi, akatia mkono kwenye sufuria ya mihogo. Bangili ikasema, kwa sauti laini ya binti aliyelelewa vizuri, "Shikamoo, baba."

Angefanyaje? "Marahaba," akajibu.

"Naomba uurudishe huo muhogo, baba yangu. Kunywa maji."

Akaurudisha! Mimi niliyemfokea miaka yote kuhusu chumvi nikabaki mdomo wazi. Kila aliponyemelea chakula aliamkiwa, na mume wangu hajawahi kuiacha shikamoo ya mtu bila jibu. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Presha ikashuka. Daktari akamvua bangili, akampongeza, akamwambia sasa ale vizuri. Siku aliporuhusiwa kula kama zamani nikapika wali wa nazi na samaki wa kupaka. Watoto wetu wakaja na wajukuu, nyumba ikajaa vicheko. Nikamnawisha mikono.

"Haya, Baba Rehani, kula. Hakuna wa kukuzuia."

Akafinyanga tonge, akalifikisha mdomoni. Kisha akatulia, kama mtu aliyesikia hodi.

"Marahaba," akasema.

Akalirudisha tonge kwenye sinia, akaomba maji.