Ametangulia

Kompyuta ya kaunta ilinitaka nimuuzie mama aliyesimama mbele yangu kiti cha daraja la juu kwa nusu bei, kabla orodha ya abiria wa ndege haijafungwa. Nikaipuuza. Miaka mitatu mama huyu alisafiri nasi kila mwezi akimpeleka bintiye hospitali, na shirika halikuwahi kumpa hata asante. Leo ningempa bure, liwalo na liwe.

"Rubani wangu yuko wapi?" niliuliza. Ndivyo nilivyomwita yule mtoto, maana hakukubali kukaa mbali na dirisha.

"Ametangulia, mwanangu."

Nikadhani amekimbilia madirishani kutazama ndege. Tiketi zao za kurudi zilikuwa mbili. Nikazihamishia zote mbele, meno yote nje.

"Leo mtakaa kama wakubwa, mama. Yeye nimpe dirisha?"

Alikuwa ameshika sweta dogo la manjano, akifunga na kufungua kifungo kimoja.

"Mpe," alisema. "Alikuwa anapenda mawingu."

Mashine ikatoa kadi mbili. Nilimpa yake; ya pili ikanigandia mkononi.

"Na hiyo nipe, mwanangu. Wasije wakakiuza kiti chake."