Mchango wa Kifungo

Sheria ilipoanza kuruhusu kifungo kichangiwe, ndugu wakigawana miaka ya mfungwa, watu waliipokea kama mchango wa harusi. Chande alikamatwa na kete moja ya heroini, lakini kwa kosa la njama alihukumiwa kwa shehena nzima ya genge: miaka thelathini. Dada yake, Somoe, akapika pilau, akaita kikao, ukoo ukajaa sebuleni mbele ya skrini ya mahakama.

"Mimi namtolea mwanangu miaka mitano!" akaanza mama yao. Vigelegele vikapigwa. Wajomba wakashindana kutoa. Somoe akatoa mitatu huku akinyonyesha. Shangazi Mwajuma pekee hakutoa kitu. Wakamsonya mpaka akainama.

Michango ilipofika miaka thelathini, skrini ikasema kwa upole, "Asanteni. Anayemchangia mhalifu ameingia kwenye njama yake, na katika njama kila mmoja hubeba mzigo wote. Thelathini kwa kila aliyetoa."

Magari ya magereza yalikuwa yameshaegeshwa nje, pilau ikiwa bado ya moto.

Somoe akamchomoa mtoto titini, akamlaza mapajani mwa shangazi.

"Huyu halali bila kuimbiwa, shangazi," akasema.