Upande Usiotiwa Mbolea

Vichupa vyote viwili vilibaki bila rangi.

Cha kwanza kilikuwa na udongo wa kinamasi tuliokuwa tukiutia mbolea ya fosfati. Sikutarajia kigeuke rangi, kwa kuwa vijidudu vilivyoshiba fosforasi huacha kutengeneza kimeng'enya cha kuitafuta, kile kinachogeuza dawa ya kipimo kuwa njano. Lakini cha pili kilitoka kwenye kitalu cha kulinganishia, kisichotiwa kitu kwa miaka mitatu. Kichupa hicho kilipaswa kuwa njano kama kiini cha yai la kienyeji.

"Mama Kuluthumu, upande huu umewahi kutiwa mbolea?"

Mlinzi wa vitalu vyetu hapa Busi alitabasamu.

"Kila msimu, mwanangu. Niliona mnaubagua, nikasema watoto wa chuo wamepitiwa. Ule mfuko mlioniachia nikaugawa kopo kwa kopo, pande zote sawa."

Kesho kutwa nilitakiwa kuwasilisha matokeo ya miaka hiyo mitatu.

"Kwani nimeharibu?"

Chembe za kijivu za mbolea zilikuwa zimenasa chini ya kucha zake. Nikamwaga kichupa cha pili kwenye majani.

"Hapana, mama," nikasema. "Nani mwingine anajua?"