Binti wa Ukutani

"Mikono hiyo ifunike," alisema Mama Mwenyekiti. "Weka maua."

Mchoraji alishuka ngazi, akaitazama tena picha ndogo aliyopewa aifuatishe. Msichana wa miaka kumi na tisa amesimama mlangoni, viganja vyote viwili amevilaza tumboni. Upande mmoja wa picha ulikuwa umekatwa kwa mkasi.

"Lakini mama, mikono ndiyo inayosema. Au alikuwa na maradhi ya tumbo?"

"Tumbo ndilo lililotuondolea mtoto," alijibu mama yule, macho makavu. "Weka maua."

Akaweka maua. Nani angembishia? Huyo ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa akina mama wa kanisa lile la Anglikana, na ndiye aliyeomba ukuta wote wa kulia, chini ya madirisha ya vioo vya rangi, uchorwe majira manne ya mwaka, binti yake akitembea katikati ya majira hayo. Waumini walimheshimu kwa msiba wake. Alihamia mji ule na mumewe miaka ishirini iliyopita, tayari amevaa nyeusi, na nyeusi hiyo hakuivua.

Kazi ilichukua karibu mwaka mzima. Mchoraji alianza na masika, ukuta ukitoka jasho na plasta ikigoma kukauka, madhabahu yakiwa yamevikwa zambarau ya Kwaresima. Pasaka ikaja na kitambaa cheupe, Pentekoste na chekundu, kisha kijani, wiki baada ya wiki, hadi akakizoea kama mlango wa nyumbani kwake. Kipupwe kilimfanya ashike brashi kwa vidole vilivyokufa ganzi. Akamchorea yule msichana shuka begani, maana alimwona kama anatetemeka.

Uso aliuacha hadi vuli. Aliufuta mara tatu. Ulipotokea, ulitokea wenyewe, asubuhi moja baada ya mvua, na mchoraji akajikuta amekaa kwenye ubao wa jukwaa lake la kuchorea akiutazama kama mwehu. Hakuwa na mtoto. Tangu siku hiyo, kila alipoingia kanisani alimsalimia, "Umeamkaje, binti yangu?" Kasisi alimsikia mara moja, akacheka, akampa pole.

Kila siku saa nne asubuhi mume wa Mama Mwenyekiti, ambaye watu wote walimwita Mzee tu, alimletea chai. Alimmiminia, akajimiminia na yeye, akaketi benchi la mbele na kuutazama ukuta. Mara nyingi aliondoka kikombe chake kikiwa hakijaguswa.

"Fundi," alianza siku moja. "Mtoto huyu, kwa kweli..."

"Mzee!" Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, amekumbatia mashada ya Jumapili. "Chai inapoa."

Mzee akainywa yote kwa mkupuo mmoja, kama dawa.

Kiangazi ndicho kilichomaliza kazi. Jua lilipita kwenye vioo, likamwaga wekundu na samawati juu ya msichana, na mchoraji hakuona tena pa kuongeza. Jioni hiyo Mzee alimpenyezea bahasha chini ya kitambaa cha kufutia rangi.

"Nitilie posta kesho. Ni kadi ya mwaliko. Mama asijue."

Mchoraji hakuuliza. Mambo ya mke na mume hayakumhusu. Akaitia.

Siku ya kuiweka wakfu picha, kanisa lilifurika hadi barazani. Askofu alinyunyiza maji, akasali, kisha akamgeukia Mama Mwenyekiti. "Mama huyu amemtolea Mungu kilicho chema kuliko vyote alivyokuwa navyo," alisema. "Mtoto wake leo anaimba na malaika." Akina mama walilia kwa kwikwi. Mama Mwenyekiti alijipangusa macho kwa leso, pembe hii, pembe ile. Mchoraji, aliyesimama nyuma kabisa karibu na mlango, alilia pia bila kuona haya.

Kwenye benchi la mwisho, mkono wake wa kushoto, aliketi mwanamke wa makamo, viatu vimejaa vumbi, mvi za kwanza zikichungulia kwenye mtandio. Huyo hakulia. Hakuimba hata ubeti mmoja. Aliutazama ukuta tangu mwanzo hadi baraka ya mwisho.

Ibada ilipokwisha, Mama Mwenyekiti alishuka katikati ya kanisa akipeana mikono na watu, benchi kwa benchi. Alipomfikia mwanamke yule, mkono wake ulisita hewani, kidogo tu. Kisha akaunyoosha.

"Karibu kanisani kwetu, mgeni. Umetoka mbali?"

"Mbali sana, mama."

"Basi wahi usafiri. Giza lisikukute njiani."

Nyuma yake Mzee alikuwa amesimama kinywa wazi. Mkewe alimshika kiwiko, akakibana. "Twende, Mzee. Askofu anatungoja mezani." Naye akaenda, akigeuka nyuma kila baada ya hatua mbili, mpaka umati ukamfunika.

Mwanamke alibaki na mkono wake vilevile, umenyooka, hauna wa kuupokea. Kanisa lilianza kutulia. Akaona rangi iliyoganda kwenye kucha za mchoraji.

"Kaka, ni wewe uliyechora?"

"Ni mimi, dada. Ulimfahamu marehemu?"

Mwanamke alirekebisha mtandio wake.

"Nisaidie, kaka," alisema. "Walikuambia nilikufa lini?"